Historia ya Kiini Chepesi

Chukua kipande cha katoni ambayo mwenye duka ameitupa, ukipasue ukingoni, ukitazame. Utaona karatasi mbili zilizonyoka, na kati yake karatasi ya tatu iliyokunjwa mawimbi mawimbi. Sehemu kubwa ya nafasi iliyomo ndani ni hewa tupu. Hata hivyo katoni hiyo ilichukua mzigo wa sabuni au wa vitabu toka mji hata mji, na karatasi zile tatu, kama ungaliziweka moja juu ya nyingine bila mawimbi, zisingaliweza hata kusimama zenyewe. Mmarekani Albert Jones alipata hataza ya karatasi ya mawimbi mwaka 1871, akikusudia kufungia chupa zisivunjike. Miaka mitatu baadaye mwenzake Oliver Long aliibandika kati ya karatasi mbili laini. Dunia haikuwapigia ngoma kwa sababu ya jambo hilo. Lakini kanuni iliyo ndani ya katoni ndiyo iliyobeba ndege za vita, ikatua mwezini, na leo inazungushwa na upepo juu ya minara mirefu katika nchi nyingi.

Waingereza huuita ubao wa namna hii sandwichi, kwa mfano wa mkate uliopasuliwa ukatiwa nyama kati. Jina si baya, ila lapotosha kidogo. Kwa maana katika mkate huo kitu cha thamani ndicho kilichomo ndani, na katika ubao huu watu kwa muda mrefu walisifu ngozi mbili za nje na kukidharau kiini. Kiini kilikuwa kitu chepesi cho chote kilichopatikana. Habari za kiini hicho, jinsi kilivyotafutwa, kilivyowaponza watu, na jinsi siku hizi kinavyochapwa na mashine, ndizo nitakazozieleza hapa.

Kwanza yafaa tujue kazi yake. Mtu akikalia ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, upande wa juu wa ubao hubanwa na upande wa chini huvutwa. Katikati hakuna mbano mkubwa wala mvuto mkubwa. Kazi ya katikati ni kuzishika pande mbili zisikaribiane, wala zisiteleze moja dhidi ya nyingine. Kwa hiyo katikati hapahitaji kitu kizito; pahitaji kitu cha kutenga na kushikamanisha kwa wakati mmoja. Faida yake ni kubwa kuliko mtu awezavyo kukisia. Bamba la alumini likipasuliwa kuwa mabamba mawili membamba, kisha kiini chepesi kikatiwa kati hata unene wote ukawa mara 2 ya ule wa kwanza, ukakamavu wake huwa mara 7. Unene ukifika mara 4, ukakamavu hufika mara 37. Na uzito? Huongezeka kwa sehemu 3 katika 100 mara ya kwanza, na sehemu 6 katika 100 mara ya pili. Sijui biashara nyingine iletayo faida ya namna hiyo kwa mtaji mdogo hivyo.

Asili iliyajua haya zamani. Galileo, alipokuwa mzee aliyezuiliwa nyumbani kwake kwa amri ya kanisa, alichapishiwa kitabu katika mji wa Leiden mwaka 1638, na humo alieleza kwa nini mifupa ya ndege na mabua ya matete ni matupu ndani bila kupoteza nguvu. Wajenzi nao walifuata polepole. Daraja la Britannia, lililofunguliwa mwaka 1850 kuvuka mlango wa bahari wa Menai katika Wales, lilikuwa bomba la chuma la pembe nne ambalo treni zilipita ndani yake. Na dari ya bomba hilo, baada ya William Fairbairn kujaribu mifano mingi na kuivunja, ilijengwa kwa safu ya visanduku vitupu badala ya bamba moja nene. Lakini daraja halina haja ya kuruka. Haja ya wepesi wa kweli ililetwa na ndege.

Mwaka 1937 kampuni ya de Havilland ya Uingereza ilirusha ndege ya abiria iitwayo Albatross, ambayo mwili wake ulikuwa wa tabaka tatu: plaiwudi nje, plaiwudi ndani, na kati yake mti wa balsa. Balsa huota katika Amerika ya joto, hasa Ecuador. Ni wa ukoo mmoja na mbuyu na msufi wetu, na tunda lake hutoa sufi kama ya msufi. Hukua upesi mno, hata huweza kukatwa baada ya miaka mitano au sita, na mbao zake ni nyepesi kuliko karibu mbao zote ziuzwazo duniani. Jina lake kwa Kihispania maana yake ni chelezo, na kwa haki, kwa sababu watu wa pwani ile waliunda vyelezo vyao kwa magogo yake tangu kabla ya Wahispania kufika. Mti huo wa vyelezo ukawa kiini cha ndege.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, Geoffrey de Havilland na mchoraji wake mkuu, R. E. Bishop, walishauri iundwe ndege ya kutupa mabomu isiyo na bunduki hata moja, ya mbao, ambayo silaha yake ingekuwa mbio tu. Wakuu wengi walilikataa shauri hilo. Wakati ule kila taifa lilishindana kuunda ndege za metali, na kurudia mbao kulionekana kama kurudia upinde na mshale. Lakini alumini ilikuwa adimu, na mafundi wa samani, viti na piano walikuwa wengi ambao vita viliwaacha bila kazi yao ya kawaida. Kazi ilianza kwa siri katika jumba la kale liitwalo Salisbury Hall, na tarehe 25 Novemba, 1940, ndege ya kwanza ilipaa ikirushwa na mwana wa de Havilland mwenyewe. Waliiita Mosquito, yaani mbu.

Namna ya kuuunda mwili wa Mosquito yastahili kuelezwa kwa kirefu. Palikuwa na kalibu mbili, kila moja kwa umbo la nusu ya mwili wa ndege, kana kwamba samaki amepasuliwa toka kichwa hata mkia. Juu ya kalibu fundi alilaza plaiwudi nyembamba ya mti wa bachi, akaipaka gundi, akalaza vipande vya balsa vyenye unene wa sentimita 1 hivi, akapaka gundi tena, akafunika kwa plaiwudi ya pili, kisha akavibana vyote kwa mikanda ya chuma hata gundi ikakauka. Nusu hizo mbili zilipotoka katika kalibu, nyaya na mabomba yalifungwa ndani yake zikiwa bado wazi, ambapo mkono wa fundi ulifika po pote bila taabu. Ndipo zikaunganishwa kama maganda mawili ya njugu. Mwili uliokuwa laini nje, bila misumari kichwani wala viungo vingi vya kukwaruza hewa, ulipita upesi kuliko ndege nyingi za kivita za adui. Zilijengwa Mosquito 7,781. Moja ya hizo ilimchukua mwanasayansi Niels Bohr kutoka Sweden mwaka 1943, akiwa amelazwa mahali pa mabomu. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko kofia aliyopewa, hakusikia agizo la kuvuta oksijeni, akazimia, naye akaamka salama ndege iliposhuka chini.

Yakumbukwe pia mambo yasiyopendeza. Mwaka 1944 Mosquito kadhaa zilivunjika mabawa katika India, watu wakafa, na nyingine zikazuiwa kuruka hata zikaguliwe. Wengine walilaumu joto na unyevu wa nchi, wengine walilaumu viungo vilivyobandikwa vibaya kiwandani. Wote walizungumza habari za kitu kimoja: gundi. Ngozi na mti vyaweza kuwa vizima kabisa, lakini vikiachana vimekuwa mbao mbili nyembamba tu, na hesabu yote ya mara 7 na mara 37 imekwisha.

Mtu aliyelishughulikia jambo la gundi kuliko wengi alikuwa Norman de Bruyne, mwalimu wa chuo cha Trinity katika Cambridge, ambaye alikuwa na karakana katika kijiji cha Duxford. Gundi za kwanza za Mosquito zilitokana na maziwa, nazo huweza kuliwa na ukungu. Yeye alileta gundi ya kikemia isiyooza, na mwaka 1941 akapata nyingine, Redux, iliyoweza kushika metali kwa metali. Tangu hapo kiini hakikulazimika kuwa mti. Kingeweza kuwa sega.

Kwa habari ya sega la nyuki, wataalamu wamelisifu tangu Varro Mrumi na Pappus wa Aleksandria, waliosema kwamba umbo la pembe sita hugawa uwanja kwa kutumia nta kidogo kuliko umbo jingine lo lote. Sifa hiyo haikuthibitishwa kikamilifu kwa hesabu hata mwaka 1999, Thomas Hales alipoithibitisha. Fundi wa ndege lakini hajengi sega kama nyuki. Huchukua majani mengi ya alumini nyembamba kama karatasi, hupaka kila jani mistari ya gundi, huyapanga moja juu ya jingine mistari ikipishana, huyapasha moto yashikane, kisha huyavuta kama mtu avutaye kinanda cha mkono, na vijumba vya pembe sita hufunguka vyote pamoja. Ni werevu mwingi. Baada ya vita Roger Steele na Roscoe Hughes walianzisha katika California kampuni ya kutengeneza masega ya namna hii, iliyokuja kuitwa Hexcel, na masega yakaingia katika sakafu za ndege, milango, mabawa na mikia.

Yalifika hata mwezini. Chombo cha Apollo 11 kilichotua tarehe 20 Julai, 1969, kilikuwa na sega la alumini ndani ya miguu yake, la kupondeka ili kumeza kishindo. Neil Armstrong alitua polepole hata sega lilipondeka kidogo tu, miguu ikabaki mirefu, na ngazi ikaishia juu. Ikambidi kuruka toka kipago cha mwisho. Ngao iliyolinda chombo cha kurudia duniani, nayo, ilikuwa sega lenye vijumba zaidi ya 300,000, na kila kijumba kilijazwa dawa ya kuzuia moto kwa mkono wa mtu, kimoja kimoja.

Katika sifa hizi zote kuna kasoro moja iliyojificha, nayo ni kwamba vijumba vya sega vimefungwa. Kila kimoja ni chumba kisicho na mlango. Kikiingia kitu ndani hakina njia ya kutokea.

Marekani iliijua kasoro hiyo kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1990 ilikuwa ikiunda chombo kiitwacho X-33, cha kujaribu njia mpya ya kwenda angani na kurudi, na tangi lake la haidrojeni lilijengwa kwa ngozi za nyuzi za kaboni na sega kati yake. Haidrojeni ikipozwa hata iwe maji hufikia digrii 253 chini ya sifuri. Mnamo Novemba, 1999, tangi lilijazwa katika majaribio, likastahimili, likamwagwa. Baada ya kumwagwa ndipo ngozi ya nje ilipobanduka na kupasuka. Wachunguzi walikuta kwamba baridi ilitia nyufa ndogo sana katika ngozi ya ndani, gesi ikapenya ikaingia katika vijumba. Tangi lilipoanza kupata joto, gesi ile iliyofungwa ilipanuka, na kwa kuwa haikuwa na mlango ilijitengenezea mmoja. Mwaka 2001 mpango wote ulivunjwa. Hakuna mtu aliyekufa, lakini kazi ya miaka mingi ilikwisha.

Tukio la pili lilikuwa na watu ndani. Tarehe 6 Machi, 2005, ndege ya Airbus A310 ya Air Transat iliondoka Varadero katika Cuba kwenda Quebec, na ikiwa juu angani karibu usukani wote wa mkiani ukang'oka. Marubani waliigeuza wakatua salama. Usukani ulikuwa wa ngozi za nyuzi za kaboni na kiini cha sega, na wachunguzi wa Kanada waliona kwamba yumkini ngozi iliachana na kiini mahali fulani, au kiini chenyewe kilipasuka, na pengo likakua bila kuonekana. Msomaji ataniuliza, je, mafundi hawakukagua? Walikagua. Njia mojawapo ya ukaguzi, hata leo, ni kugonga ubao kwa sarafu au nyundo ndogo na kusikiliza sauti, kama mnunuzi wa nazi agongavyo nazi sokoni. Lakini uchunguzi ulisema kwamba utaratibu wa ukaguzi uliotumika wakati ule haukutosha kugundua kasoro za namna ile mapema.

Wakati huo mti wa balsa haukuwa umekufa. Ulipata kazi mpya katika mitambo ya upepo. Panga moja la mtambo wa upepo siku hizi laweza kupita meta 100 kwa urefu. Mtu akitazama toka chini huliona jembamba kama unyoya, na kwa hakika ndani yake, katika mapanga mengi, mna ngozi za nyuzi za kioo na kiini cha balsa au cha povu la plastiki. Sehemu kubwa ya balsa ya dunia hutoka Ecuador. Mwaka 2019 na 2020 China ilikuwa na haraka ya kusimamisha mitambo mingi kabla ya ruzuku ya serikali kwisha, bei ya balsa ikapanda sana, na mashamba hayakutosha. Wakataji waliingia kwa mashua katika mito ya Amazon, mashariki ya Ecuador, wakakata balsa iliyoota yenyewe visiwani na kandokando ya mito, katika ardhi za wenyeji kama Waachuar. Baadhi walipewa ruhusa na baadhi hawakupewa. Ni kichekesho kichungu kwamba msitu ulikatwa ili dunia ipate umeme usiochafua hewa.

Basi, kwa upande mmoja palikuwa na sega lenye vijumba visivyo na mlango, na kwa upande wa pili mti usiotosha. Njia ya tatu ilitoka mahali ambapo mafundi wa ndege hawakuwa wakitazama.

Mwaka 1983 Mmarekani Chuck Hull alitengeneza kikombe kidogo kwa namna isiyojulikana kabla. Hakukichonga wala hakukimimina katika kalibu. Aliuelekeza mwanga juu ya plastiki ya majimaji igandayo kwa mwanga, ikaganda tabaka nyembamba, juu yake nyingine, hata kikombe kikatimia. Hideo Kodama wa Nagoya katika Japani alikuwa ameandika habari ya njia inayofanana miaka miwili kabla. Miaka michache baadaye Scott Crump, aliyeanza kwa kumtengenezea binti yake chura wa kuchezea kwa bunduki ya gundi ya moto, alileta mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuulaza mstari juu ya mstari. Mfinyanzi apandishaye chungu kwa mikanda ya udongo ataielewa mashine hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba mashine hufuata hesabu iliyoandikwa katika kompyuta, nayo haichoki kupinda.

Kwa kiini cha ubao maana yake ni kubwa. Sega la kuvutwa hupatikana kwa umbo lile linaloruhusiwa na kuvuta. Ukijaribu kulikunja lifuate uso wa mviringo hujipinda kama tandiko la farasi, na fundi hulazimika kulikata na kulichonga. Kiini cha kuchapwa huzaliwa kikiwa na mviringo wake. Kuta zake zaweza kuwa nene karibu na mahali pa bolti, na nyembamba mahali pasipo na mzigo. Na vijumba vyaweza kupewa milango.

Umbo moja la namna hiyo lilikuwa likingoja. Mwaka 1970 Alan Schoen, mwanafizikia wa shirika la NASA, alieleza uso aliouita jairoidi: uso uliopindwa kila upande bila mstari mnyofu hata mmoja, unaoigawa nafasi kuwa njia mbili zinazozungukana po pote wala zisikutane kamwe. Hewa au maji yakiingia katika njia hizo yana pa kutokea. Schoen aliwaza juu ya maumbo mepesi ya kujengea, lakini hapakuwa na fundi duniani ambaye angeweza kuikata jairoidi kwa kisu au kuivuta kama sega. Leo hata mashine ndogo ya kuchapa iliyo katika maabara ya shule huichapa, na mara nyingi mwenye mashine hajui jina la aliyeivumbua.

Mwaka 2014 Brett Compton na Jennifer Lewis wa chuo kikuu cha Harvard walitangaza kwamba wamechapa sega kwa wino mzito wa epoksi uliochanganywa na udongo laini, sindano ndogo sana za kabidi ya silikoni na vipande vya nyuzi za kaboni. Wino ulipopita katika tundu jembamba la mashine, nyuzi zilijipanga zote upande mmoja, kama magogo yanayochukuliwa na mkondo wa mto, na hivyo zikalala kufuata kuta za sega. Mti hufanya vivyo hivyo, na mfano waliouweka mbele yao kwa makusudi ulikuwa balsa.

Nisingependa msomaji adhani kwamba mambo yamekwisha. Tabaka zilizochapwa hushikana kwa udhaifu kuliko kitu kilichomiminwa mara moja. Plastiki nyingi za kuchapia hulegea katika joto la tanuri linalogandisha ngozi za kaboni, na kiini kilichopewa milango huweza kuinywa epoksi ya ngozi kabla haijaganda, kikawa kizito kuliko kilivyokusudiwa. Na gundi ya de Bruyne, au ndugu yake, ingali yahitajika, kwa maana kiini kilichochapwa vizuri kikibandikwa vibaya kitaachana na ngozi kama kiini kingine cho chote. Mambo hayo yanafanyiwa kazi, na viini vya kuchapwa vimeanza kutumika katika vyombo vidogo. Lakini mashine hulaza mstari mmoja baada ya mwingine, na kiini kinachotosha katika viganja viwili chaweza kuichukua saa nyingi. Panga la upepo lina meta 100, na huko Ecuador mti uliopandwa leo utakuwa tayari kwa shoka baada ya miaka mitano au sita.